Funestus si "hatari" tu: mbu aliyepewa jina la msiba

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha afya. Kwenye somo la malaria tumetajiwa mbu wawili wakubwa, Anopheles gambiae na Anopheles funestus. Gambiae tumeambiwa ni wa Gambia. Nilipouliza funestus ni nini, mkufunzi akasema hilo ni jina tu, kariri. Mwenzangu mmoja anadai ni Kilatini, maana yake hatari. Mwingine anashikilia kwamba limetokana na 'fun' ya Kiingereza, eti ni mbu anayejiburudisha. Nani yuko sahihi? Neno lenyewe limetoka wapi? Na kwa Kiswahili tungemwitaje?"

Marahaba. Mwenzako wa kwanza amekaribia. Wa pili mwache aendelee kuwachekesha, chuo bila mtu kama huyo hakikaliki. Ila na yule wa kwanza simpi alama zote, maana "hatari" ni neno jepesi mno kwa mzigo uliomo humu. Ngazi iliyooza ni hatari, waya wa umeme uliochunika ni hatari, lakini Mroma asingeviita funestus mpaka kwanza mtu awe amekufa, au awe njiani kufa na nyumba nzima ijue.

Nililijifunza hili kwa aibu. Nikiwa seminari tulipewa kipande cha mwanahistoria Livius tukitafsiri. Nikakuta maneno familia funesta, nikaona kamusi inasema "ya kuua, ya hatari", nikaandika kwa kujiamini: "familia hatari". Padri aliyetufundisha akasoma kwa sauti, akavua miwani, akaniuliza, "Hatari kwa nani? Wana bunduki?" Darasa likaangua kicheko. Kisha akatusimulia kisa chote, na tangu siku ile sijakosea neno hili tena.

Kisa chenyewe, kama Livius anavyokieleza katika kitabu chake cha pili, kinahusu mwaka wa kwanza wa jamhuri ya Roma, ambao kwa hesabu ya jadi ni 509 KK. Hekalu kubwa la Jupiter juu ya kilima cha Capitolium lilikuwa limekamilika, bado kuwekwa wakfu tu. Makonsuli wawili, yaani viongozi wakuu wa dola, Valerius na Horatius Pulvillus, wakapiga kura nani apate heshima hiyo. Ikamwangukia Horatius. Valerius akaondoka kwenda vitani, lakini ndugu zake walibaki na kinyongo, wakajaribu kila njia kuizuia shughuli. Njia zote ziliposhindikana, wakangoja hadi Horatius ameshashika mwimo wa mlango wa hekalu, yuko katikati ya sala, wakamfikishia habari: mwanao amekufa, na mtu ambaye familia yake ni funesta hawezi kuweka hekalu wakfu. Livius anasema hajui kama Horatius hakuiamini habari ile au alikuwa na moyo wa jiwe. Anachosema ni kwamba hakugeuka. Aliagiza maiti itolewe ikazikwe, mkono wake ukiwa bado kwenye mwimo, akamaliza sala, akaliweka hekalu wakfu.

Sasa irudie ile familia funesta. Nyumba ya Horatius haikumtishia mtu yeyote. Ilikuwa nyumba ya msiba. Maiti ilikuwa ndani, au iliaminiwa kuwa ndani, na kwa desturi ya Roma maiti iliichafua nyumba pamoja na wote waliomo. Uchafu huo haukuwa wa kuoga ukaisha, ulikuwa unajisi wa kidini. Ndiyo maana waliotegemea kwenda mbele ya miungu walikaa mbali na nyumba ya aina hiyo. Tawi la mvinje liliwekwa nje ya mlango, na mpita njia aliliona akaelewa, kama wewe unavyoona turubai limefungwa mtaani na viti vya plastiki vimepangwa, hujauliza chochote, umeshashusha sauti. Waliorudi makaburini walinyunyiziwa maji, wakavuka juu ya moto, ndipo wakahesabiwa kuwa wametakasika.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno lako: aliyeguswa na msiba, mwenye maiti ndani. Ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Kikiwepo kitu chenye msiba ndani yake, si mbali kukiona kuwa ndicho kinachouleta. Kwa hiyo funestus likaanza kusemwa juu ya silaha, sumu, vita, hata siku. Mwanasiasa wa Roma Cicero, akimwandikia rafiki yake Atticus mwaka 49 KK, anakumbusha kwamba wazee wao waliihesabu siku ya mapigano ya Allia, ambako jeshi la Roma lilishindwa na Wagalli, kuwa funestior, yaani yenye msiba zaidi, kuliko hata siku mji wa Roma wenyewe ulipotekwa na Wagalli, kwa sababu lile la pili lilitokana na lile la kwanza. Siku hiyo ya Allia, tarehe 18 Julai, ilibaki na nuksi katika kalenda yao kwa karne nyingi. Kiswahili cha pwani kina neno hilo tayari kabisa, nuksi, na mara nyingi nikitafsiri dies funestus ndilo linalokuja mdomoni kabla sijafikiri.

Asili sasa. Mzizi ni nomino funus, maziko: msafara wa kwenda kuzika pamoja na kila kinachoambatana nao, na kwa washairi maiti yenyewe au kifo chenyewe. Ukiwahi kuona umbo lake la umilikishi, funeris, utashangaa hiyo r imetoka wapi ilhali kwenye funus kuna s, na kwenye funestus kuna s pia. Hapa ndipo ninapopapenda, univumilie kidogo. Katika Kilatini cha kale sana, s iliyobanwa katikati ya irabu mbili iligeuka kuwa r. Kwa hiyo neno lililokuwa na s moja imara likagawanyika: pale s ilipozungukwa na irabu ikawa r, funeris, pale ilipoegemea konsonanti t ikasalimika, funes-tus. Yaani kivumishi hiki kimehifadhi sauti ya kale kuliko nomino iliyokizaa inavyofanya katika maumbo yake mengi. Kilichoongezwa mwishoni ni -tus, kiambishi ambacho kazi yake inakaribiana sana na "-enye" yetu. Barba ni ndevu, barbatus ni mwenye ndevu. Cornu ni pembe, cornutus ni mwenye pembe. Funestus, basi, kwa neno kwa neno, ni mwenye maziko.

Na usidhani hujawahi kukutana na ndugu zake. Nenda Moshi au Bukoba ukasikilize majina yakiitwa shuleni. Honest ni honestus, kutoka honos, heshima, ambalo baadaye lilikuja kuwa honor kwa mchezo uleule wa s na r. Justus ni iustus, kutoka ius, haki, ambalo umilikishi wake ni iuris. Modest ni modestus, mwenye kiasi. Wote hawa wametengenezwa kwenye kalibu ileile iliyotoa funestus. Pia yumo ndugu mmoja mwovu, scelestus, kutoka scelus, jinai. Huyo sijawahi kumsikia akibatizwa.

Funus lenyewe lilitoka wapi? Warumi walikuwa na jibu lao, na ni jibu zuri la kusimulia. Walisema linatokana na funis, kamba, kwa sababu zamani maziko yalifanyika usiku, na mbele ya jeneza zilibebwa kamba zilizopakwa nta na kuwashwa kama mienge. Servius, aliyeandika maelezo ya mashairi ya Vergilius, anaisema habari hiyo, na Isidorus wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, anairudia. Picha inapendeza: giza, mstari wa moto, watu wanatembea kimya. Lakini wanaisimu wa leo hawaikubali, maana neno moja kufanana na jingine si ushahidi kwamba limelizaa. Ni ugonjwa uleule wa mwenzako na "fun" yake, ila Isidorus alikuwa na ndevu zaidi. Wanaisimu wenyewe hawajakubaliana wamweke funus katika ukoo gani wa maneno ya kale ya Indo-Ulaya, kwa hiyo katika jibu la mtihani ishia kwenye funus, hapo hakuna atakayekukata alama.

Kilatini kina maneno mengine ya namna hii, na wanaosoma majina ya viumbe huyachanganya. Letalis ni ya kufisha, kutoka letum, kifo. Ndilo lililozaa neno ambalo Waingereza hulitumia kwa dozi ya sumu inayoua. Ile h utakayoiona, lethalis, iliingizwa na waandishi waliodhani letum lina uhusiano na Lethe, mto wa usahaulifu wa Wagiriki. Hata mwito wa mazishi ya Kirumi, mpiga mbiu alipotangaza kwamba raia fulani "amekabidhiwa kwa kifo", ulitumia letum. Mortalis ndilo linalowapotosha wengi, kwa sababu maana yake ya kwanza si "anayeua" bali "anayekufa", kama mimi na wewe. Anayeleta kifo ni mortifer, mors na kitenzi cha kubeba, yaani mbeba kifo. Na maziko ya kawaida tu, bila nuksi yoyote, yana kivumishi chake: funebris.

Tofauti ya letalis na hao wa ukoo wa funus ilinikaa sawasawa niliposoma mshairi wa Roma Ovidius, kwenye kitabu cha kumi cha Metamorphoses. Msichana anatoka usiku kwenda kutenda jambo lisilotajika, na mara tatu bundi anatoa ishara. Bundi ameitwa funereus, umbo la kishairi la ukoo huohuo wa funus, na wimbo wake umeitwa letalis. Wimbo ni wa kufisha. Bundi ni wa kilio. Bibi yangu asingehitaji tafsiri. Kwake yeye bundi akilia juu ya paa hakuui, ila kesho kuna mtu atafunga turubai.

Wasomaji wa Kongo na Burundi waliopitia Kifaransa watakuwa wameshaitambua funeste. Waitaliano, Wahispania na Wareno wanasema funesto. Katika lugha zote hizo maana ya maiti nyumbani imeshafutika, imebaki ile ya pili: kosa funeste ni kosa lililoleta maafa, ushauri funeste ni ushauri uliowaponza watu. Mambo ya mazishi yenyewe Wafaransa wameyaachia funèbre.

Tumrudie mbu wako. Jina la jenasi, Anopheles, si Kilatini bali Kigiriki, maana yake asiye na faida, asiyefaa kitu. Alilitoa Mjerumani Meigen mwaka 1818, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba mbu hawa wana lolote na homa. Watu bado waliamini malaria inatoka kwenye hewa ya mabwawa, na neno lenyewe linasema hivyo kwa Kiitaliano, mala aria, hewa mbaya. Ikapita karibu miaka 80. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu, na mwaka uliofuata Waitaliano wakiongozwa na Grassi wakaonyesha kwamba malaria ya binadamu inabebwa na Anopheles. Mwaka 1899 Ross akaenda Sierra Leone kuwatafuta mbu wenyewe. Giles, daktari wa jeshi aliyekuwa akiorodhesha mbu wa dunia, akamwelezea huyu wa kwetu mwaka 1900 na kumwita funestus. Mwaka 1902 akamtaja gambiae. Meigen alimwita mbu asiyefaa kwa kubahatisha tu. Giles aliandika wakati habari zimeshafika.

Na jina limemkaa. Gambiae huzaliana kwenye vidimbwi vidogo vya jua, hata kwenye alama ya kwato za ng'ombe iliyojaa mvua, kwa hiyo msimu ukikauka hupungua. Funestus hupenda maji yanayodumu, yenye majani pembeni: kingo za mito inayokwenda polepole, mabwawa, majaruba ya mpunga. Mvua ikiisha yeye bado yupo. Huingia ndani, huuma usiku wa manane watu wamelala, kisha hutua ukutani kupumzika. Watafiti wa Ifakara walipochunguza vijiji vya bonde la Kilombero na Ulanga walikuta kwamba, ingawa mbu aina ya arabiensis, ndugu wa gambiae, walikuwa wengi zaidi, funestus ndiye aliyebeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Wachache, lakini nyumba nyingi zililia kwa sababu yao. Na dawa za kundi la pairethroidi, zile zinazotiwa kwenye vyandarua, ameshajenga usugu nazo katika sehemu nyingi.

Kwa kuwa mkufunzi wako alikwambia majina ni ya kukariri tu, nikuonyeshe jinsi yanavyosema ukiyafungua. Kati ya 1954 na 1959 kulikuwa na mradi mkubwa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, wa kupulizia dieldrini, dawa ya kuua wadudu, kwenye kuta za nyumba. Kwa kuwa funestus ndiye anayetua ukutani, ndiye aliyepigwa zaidi, akakaribia kutoweka. Lakini watafiti waliendelea kukamata mbu waliofanana naye kama mapacha. Walipowachunguza wakakuta wengi ni rivulorum, ndugu yake anayependelea ng'ombe kuliko watu. Rivulorum ni umilikishi wa wingi: wa vijito. Ndugu mwingine wa kundi hilo aliyetambuliwa baada ya hapo anaitwa parensis, wa Pare, kwa kiambishi -ensis kilekile kilichomo kwenye arabiensis. Naye gambiae ni umilikishi wa umoja, ya Gambia, kwa hiyo hapo chuo chenu kimesema kweli. Mmoja ametajwa kwa nchi, wa pili kwa vijito, wa tatu kwa milima ya Upare. Funestus peke yake ndiye aliyetajwa kwa anachokiacha nyuma.

Kwa Kiswahili tungemwitaje? "Mbu hatari" nimeshaikataa. "Mbu muuaji" si kosa, lakini hiyo ingefaa kwa letalis, maana inamtazama anayekufa. Funestus inatazama waliobaki: mlango, tawi la mvinje, baba ameshika mwimo anaambiwa mwanao hayupo. Mimi ningesema mbu wa msiba.

Na nina sababu moja zaidi ya kulipenda neno hilo. Msiba tumelipata kwa Waarabu, muṣība, kutoka kitenzi cha kupiga na kupata, kama mshale unavyopata shabaha. Kwao ni janga lolote linalompiga mtu: kufilisika, kuugua, kufiwa. Sisi tumelichukua tukalipunguza upana mpaka, ukisema fulani ana msiba, kila mtu anaelewa amefiwa na anauliza maziko lini. Kilatini kilisafiri njia hiyohiyo kikielekea upande wa pili: kilianzia kwenye maziko kikaishia kwenye janga. Maneno haya mawili yanakutana katikati ya barabara, na ndiyo maana moja linamfaa mwenzake kuliko neno lolote la kamusi nililowahi kujaribu.

Jambo la mwisho, la sarufi, maana najua utaulizwa. Kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya nomino yake, kama -baya inavyofuata ngeli: funestus kwa dume, funesta kwa jike, funestum kwa isiyo upande wowote. Ndiyo maana familia ilikuwa funesta. Anopheles inahesabiwa kuwa dume kisarufi, kwa hiyo funestus, na kwenye maandishi ya kisayansi anza na herufi ndogo. Kulitamka si kazi: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, fu-NES-tus, palepale Kiswahili kinapouweka. Lakini wewe wa chuo cha afya umeshajua kwamba anayeuma ni jike peke yake, dume anakunywa maji matamu ya maua na hamdhuru mtu. Usije ukajaribu kumsahihisha Giles kwa kuandika Anopheles funesta kwenye mtihani. Jike ndilo linaloua, jina limebaki la dume.